Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Hanang
Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Hanang ni msitu unaolindwa katika mkoa wa Manyara, Tanzania, kaskazini kwa Dodoma. Inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Mlima huo ni volkeno iliyozimika, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa Wadatoga ni mahali patakatifu. Nyanda zinazouzunguka ni kavu, lakini mlimani mvua ni nyingi zaidi, na vijito vyake hutegemewa na vijiji vya chini.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilifika hadi mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walifariki.