Maasi ya Waarabu ya 1916 katika Kumbukumbu za Wanajeshi

Maasi ya Waarabu dhidi ya Dola ya Uthmaniya, yaliyoanzishwa Makka na Sharifu Hussein bin Ali mwezi Juni 1916 na kufikia kilele chake Dameski mwezi Oktoba 1918, yamewafikia wasomaji wengi kupitia kumbukumbu za wanajeshi, yaani masimulizi ambayo mshiriki wa vita huyaandika baadaye kuhusu aliyoyaona na kuyatenda. Kwa mwanahistoria, kila kitabu cha aina hii kina tarehe mbili: ile ya mapigano yanayosimuliwa na ile ya siku mwandishi alipoketi kuandika, akiwa na jina la kusafisha au dai la kutetea. Waswahili husema kuwa mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na tarehe ya pili ndiyo inayoonyesha ngozi ilivutwa upande gani.

Mfano ulio wazi ni wa Jemal Pasha, kamanda wa Jeshi la Nne la Uthmaniya huko Shamu, ambaye tarehe 6 Mei 1916 aliwanyonga Waarabu mashuhuri hadharani mjini Beirut na Dameski kwa tuhuma za uhaini. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1922, baada ya mahakama ya Istanbul kumhukumu kifo bila yeye kuwapo, na kwa hiyo kurasa zinazohusu unyongaji huo, ambao anauhalalisha kwa barua zilizonaswa katika balozi ndogo za Ufaransa, zinasomeka kama utetezi wa mshtakiwa. Thamani yake haipungui kwa sababu hiyo, kwani zinafichua jinsi watawala walivyoutazama utaifa wa Kiarabu, mradi msomaji asizigeuze kuwa hukumu ya mwisho.

T. E. Lawrence, afisa Mwingereza aliyeandamana na Amiri Faisal, mwana wa Sharifu, alipoteza sehemu kubwa ya mswada wa kumbukumbu zake katika stesheni ya reli ya Reading mwaka 1919, akalazimika kuuandika upya kabla ya kuutoa mwaka 1926 kwa wanunuzi wachache walioulipia mapema. Mwenyewe alikiri kwamba alichoandika ni habari zake ndani ya vuguvugu hilo, wala si historia ya vuguvugu lenyewe, lakini wasomaji wengi waliliruka ungamo hilo. Pengo hilo linazibwa kwa kiasi na kumbukumbu za Ja'far al-Askari, Mwiraki aliyefunzwa katika jeshi la Uthmaniya, akapigana na Waingereza upande wa Wasanusi wa Libya hadi alipotekwa Februari 1916, kisha akaongoza askari wa kawaida wa Faisal. Kwa kalamu yake maasi yanaonekana kama uamuzi mgumu wa afisa anayelihama jeshi lililomlea, jambo ambalo mgeni hakuweza kulisimulia kutoka ndani.

Hakuna mahali ambapo kumbukumbu hizi hugongana zaidi kuliko kwenye malango ya Dameski. Mwezi Juni 1918 Uingereza iliwaahidi viongozi saba wa Kishamu waliokuwa Cairo kwamba ingetambua uhuru wa maeneo ambayo Waarabu wangeyakomboa wenyewe, ilhali mapatano ya siri ya Sykes na Picot ya mwaka 1916 yalikuwa yameiweka Shamu ya bara chini ya ushawishi wa Ufaransa. Hivyo swali la nani aliingia kwanza likawa swali la nani mwenye mji. Lawrence anashikilia kuwa Waarabu walitangulia usiku wa Septemba 30. Arthur Olden, afisa wa kikosi cha 10 cha wapanda farasi wepesi wa Australia, katika kitabu chake cha mwaka 1921 anaeleza kuwa wanajeshi wake waliingia alfajiri ya Oktoba 1 wakiwafukuza Waturuki kuelekea Homs, na kwamba aliyewapokea alikuwa Amiri Said al-Jazairi. Mtu huyohuyo Lawrence alimwondoa madarakani siku hiyohiyo, na katika kitabu chake akamchora kama hasimu. Kwa Olden, Dameski ulikuwa njia ya kupitia. Kwa Lawrence ulikuwa hoja ya kudai dola. Wenyeji wa mji, ambao walikuwa wamekwisha kupandisha bendera ya Kiarabu baada ya watawala wa Uthmaniya kuondoka, hawakuwa na nafasi kubwa katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili.

Kimya hicho ndicho udhaifu mkubwa wa chanzo hiki. Auda abu Tayi, kiongozi wa Wahowaitat ambaye wapiganaji wake walikuwa nguzo ya kutekwa kwa Aqaba mwezi Julai 1917, hakuacha kitabu. Mwanahistoria wa Yordani Suleiman Mousa aliwahoji walionusurika, na mwaka 1962 akachapisha utafiti unaowarudishia Waarabu mpango wa Aqaba ambao Lawrence alijinasibishia. Hata hivyo utafiti huo nao una tarehe yake ya pili, kwani ulitoka wakati utaifa wa Kiarabu ulipokuwa umepamba moto, na msomaji mwangalifu ataupima kwa kipimo kilekile alichompimia Lawrence.