Siku mbili Bukoba: rekodi sita za kumwongoza mgeni

Ukiwa na siku mbili tu Bukoba, usihangaike kutaka kuona kila kitu. Fuata rekodi. Sehemu hii ya Kagera ina mambo yaliyotangulia au kupita mengine Tanzania, Afrika, hata duniani, na mengi yako karibu na mji.

Ziwa kubwa kuliko yote Afrika
Anzia ufukweni, Kisiwa cha Musira kikiwa mbele yako. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Kwa eneo, kati ya maziwa yote ya maji baridi duniani, linazidiwa na Superior la Amerika Kaskazini peke yake. Mto Kagera, mkubwa kuliko yote inayomwaga maji humo, unaingia ziwani kaskazini mwa mji, ukishavuka mpaka wa Uganda. Ukitoka Mwanza kwa MV Victoria, unapanda meli iliyoanza kazi mwaka 1961. Kumbuka pia Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Ni miongoni mwa ajali za majini zilizoiumiza zaidi Tanzania. Kwa boti ndogo, usipande bila jaketi okozi.

Mji wa mvua
Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio kilele chake. Njoo kati ya Juni na Agosti kama unataka barabara za vijijini zilizokauka.

Chuma cha pua cha kale
Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Lakini Katuruka, karibu na Maruku, watu walikuwa wakiyeyusha chuma takriban miaka elfu mbili iliyopita. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliongozwa huko na simulizi za wazee kuhusu Mtawala Rugomora Mahe na mti wa Kaiija; alipochimba alikuta mabaki ya kazi ya wahunzi. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya na kuonyesha ufundi wa babu zao. Mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilishika joto kabla ya kuyafikia makaa. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba njia hiyo ilitoa chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Karne nyingi baadaye, huko Scotland, James Neilson alisajili uvumbuzi wake wa kupuliza hewa moto tanurini mwaka 1828.

Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu
Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Kagera mwaka 1912, alifanywa kardinali na Papa Yohane XXIII mwezi Machi 1960. Amezikwa katika kanisa kuu la Bukoba, ambako mwili wake ulihamishiwa mwaka 2012. Kwa upande wa Walutheri, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, mwaka 1977.

Kicheko kilichofunga shule
Siku ya pili shika barabara ya lami kuelekea Muleba. Katika shule ya wasichana ya Kashasha, Januari 30, 1962, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kati ya 159, waliopatwa walifika 95. Shule ilifungwa Machi, ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni, na hali hiyo ikaenea hadi kijiji cha Nshamba. Madaktari hawakukuta sumu wala vijidudu. Walihitimisha kuwa ni mfadhaiko uliosambaa kati ya watu. Dunia husimulia kisa hiki kama kichekesho, ilhali wale watoto walikuwa wakiteseka. Ukiwauliza wenyeji, uliza kwa heshima.

Kinara wa robusta
Kagera inaongoza Tanzania kwa kahawa ya robusta, na kiwanda cha TANICA cha kahawa ya unga kiko hapa hapa mjini. Wahaya waliitafuna kahawa, ikiwa imechemshwa na kukaushwa, kabla Mzungu hajafika. Iliwekwa mbele ya mgeni na ilitumika kufunga udugu wa kuchanjiana. Ukikaribishwa, pokea kwa mikono miwili. Ukija Novemba au Desemba utakuta na senene, panzi wanaoliwa, kitoweo kinachosubiriwa kuliko vyote.

Kama muda unakuruhusu mahali pamoja tu, nenda Katuruka. Mchukue mwenyeji wa kijijini akuongoze, umlipe haki yake, umsikilize hadi mwisho. Elimu ile ilihifadhiwa na wazee kwa kusimuliwa, na haitadumu pasipo wasikilizaji.