KOLESTEROLI: MBONA BABU ALIKULA MAFUTA NA HAKUUGUA MOYO?



Mwaka jana tulialikwa na kikundi kimoja cha akina mama na wazee upande wa Kajiado. Muuguzi tuliyekwenda naye alifundisha juu ya mafuta, chumvi na ugonjwa wa moyo. Alipomaliza, mzee mmoja alisimama na fimbo yake, akasema: "Daktari, mimi nimekunywa maziwa na kula mafuta ya ng'ombe tangu nikiwa mtoto. Baba yangu alikula hayo hayo, na alikufa akiwa mzee kabisa. Leo mnatuambia mafuta ni mabaya. Ni nani mwongo?" Watu wakapiga makofi. Muuguzi akacheka tu. Jibu hakuwa nalo, na mimi pia sikuwa nalo.

Jioni tulipima watu presha. Ya mzee yule ilikuwa 190 kwa 110. Hakuwa na maumivu yoyote, na alifikiri mashine yetu imeharibika. Tulipima mara ya pili, ikawa vile vile.

Swali lake lilikuwa zuri, kwa hiyo nililitafutia jibu. Kumbe hata madaktari wa ng'ambo walijiuliza hilo hilo zamani. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, na wenzake waliandika juu ya wanaume 400 wa Kimaasai waliowapima kule Tanganyika. Watu hawa waliishi kwa maziwa na nyama, lakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo hazikuonekana. Basi wengine wakasema, mnaona? Mafuta hayana shida!

Lakini ngojeni kidogo. Mwaka 1972 Mann huyo huyo aliandika tena, safari hii juu ya mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokuwa wamekufa. Mafuta yalikuwa yameganda ndani ya mishipa yao, na ile ya moyo ilikuwa imenenepa kwa ndani sawa na ya wazee wa Marekani. Tofauti ni kwamba mishipa ya Wamaasai ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia.

Ninyi wa miradi ya maji mtanielewa upesi. Bomba la nusu inchi likishika uchafu ndani, maji yanakatika. Bomba la inchi mbili likishika uchafu ule ule, maji bado yanapita. Kolesteroli ni aina ya mafuta ambayo ini letu lenyewe hutengeneza, na mwili unaihitaji. Ikizidi katika damu, hushika kwenye kuta za mishipa, sawa na ule uchafu wa bomba. Njia ikizibika kwenye moyo, ni mshtuko wa moyo. Ikizibika kichwani, ni kiharusi.

Sasa ni nini kilichopanua mabomba ya wazee? Mann alidhani ni miguu yao, yaani ule mwendo wa kila siku. Nami naona alikuwa karibu na ukweli. Utafiti wa Tanzania uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Wamaasai walitumia kwa siku nguvu ya kalori 2,565 zaidi ya ile ya kuuweka mwili hai tu. Watu wa mjini walitumia 891. Hiyo ni karibu mara tatu! Tena mzee wa zamani hakushiba kila siku. Kiangazi kikija maziwa yalipungua, na nyama haikuchinjwa ovyo. Supu ilitiwa magome machungu kama olkiloriti. Sukari haikuwepo, wala sigara za dukani.

Nilirudi nikamuuliza mzee wetu siku yake inakwendaje. Ng'ombe wengi waliisha kwa ukame, sasa ana duka. Anakwenda sokoni kwa pikipiki. Chai ya maziwa mara nne kwa siku, kila kikombe vijiko vinne vya sukari. Chapati na mandazi vya mafuta ya kuganda ya mkebe, na jioni nyama choma na chumvi pembeni. Mafuta ya baba yake ameyaweka, miguu ya baba yake ameiacha. (Msimcheke. Mimi mwenyewe siku hizi hupanda boda boda kutoka stejini hadi ofisini, na si mbali.)

Msidhani ni Wamaasai tu. Utafiti uliotolewa mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliotoka kijijini kwenda kuishi Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema tu baada ya kufika, na chumvi ya chakula cha mjini ilikuwa sababu moja.

Kwa hiyo sisemi mtupe maziwa. Nasema punguzeni sukari, na chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyo ndani ya chakula cha dukani. Mafuta ya kuganda mbadilishe na ya maji, tena kidogo, sio kuogelesha sukuma wiki. Aachaye sigara ameusaidia moyo kuliko yule anayehesabu mayai. Na tembeeni.

Kipimo cha kolesteroli ni cha damu, kwenye hospitali yenye maabara. Presha ni rahisi zaidi. Ikifika 140 kwa 90 siku tofauti tofauti, hiyo ni ya juu, nenda kwa daktari. Ukipewa dawa usiache ati kwa sababu unasikia vizuri. Unasikia vizuri kwa sababu ya dawa. Mzee wetu aliacha baada ya mwezi mmoja, ikabidi mke wake amrudishe kliniki kwa maneno makali. Sasa anameza.

Jambo moja kamati ilipange kabla ya mkutano ujao. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua kama amebebeshwa gunia, yakaenda mkononi au kwenye taya, huku akitoka jasho baridi, msiseme ni vidonda vya tumbo, wala msingoje kuche. Akipooza upande mmoja wa uso au mkono, au ulimi ukawa mzito, ni hivyo hivyo. Kubalianeni mapema ni gari la nani litamtoa usiku, nani ana namba ya dereva, na pesa za petroli zitatoka mfuko gani.