Foklifti Inapozima Ikiinua Mzigo

Injini ya foklifti inayonguruma vizuri bila kazi, kisha ikazima mara uma unapoanza kupanda na mzigo, ama imepungukiwa nguvu, ama pampu ya haidroliki inaidai nguvu kupita kiasi. Kutenganisha mambo haya mawili ndiyo kazi ya kwanza ya fundi. Anayeiruka anaweza kushusha injini nzima wakati kosa liko kwenye vali moja ndogo.

Pampu huzungushwa na injini yenyewe, na uzito wa kuizungusha hutokana na shinikizo la oili, si kasi. Pampu inayosukuma sentimita za ujazo 30 kwa kila mzunguko, dhidi ya shinikizo la bar 180, hudai nguvu ya mzunguko ya karibu nyutoni-mita 86, injini ikizunguka mara 700 kwa dakika au mara 2,000. Tofauti iko upande wa injini: bila kukanyagiwa mafuta, akiba yake ni ndogo mno. Injini ya dizeli iliyo nzima hushuka sauti kidogo, gavana ikaiongezea mafuta, ikajirudi. Iliyochoka haipati muda huo.

Nyanda za juu huipunguza akiba hiyo zaidi. Tosamaganga, kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo mashine iliyojaribiwa bandarini ikaonekana haina neno inaweza kufichua udhaifu wake ikifika Iringa, au kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga, ambako ni juu zaidi.

Jibu la kama kosa ni la injini au la pampu hutolewa na geji ya shinikizo. Hufungwa kwenye tundu la kupimia karibu na vali kuu, kisha uma huinuliwa hadi mwisho bila mzigo, leva ikiendelea kushikiliwa kwa sekunde chache. Shinikizo likipita kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, vali ya kupunguza shinikizo imekwama au imekazwa kupita kiasi. Wapo wanaoikaza makusudi ili mashine inyanyue mizigo mizito zaidi. Ni hatari ya kweli, kwani mpira wa haidroliki unaweza kupasuka au foklifti ikabinukia mbele. Uvujaji nao usitafutwe kwa kiganja: oili yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha hilo huhitaji upasuaji wa haraka hata likionekana dogo.

Shinikizo likiwa sahihi na injini bado inazima, moshi huelekeza pa kwenda. Moshi mweusi mzito ni hewa haba: filta imejaa vumbi la mbao au la barabara, au bomba la kuvutia hewa limebonyea. Injini ikizima bila moshi, imenyimwa dizeli, na hapa ndipo pa kukaa zaidi. Dizeli inayohifadhiwa kwenye mapipa hukusanya maji, hasa penye baridi ya usiku kama ya Juni na Julai, filta huziba, tundu la kupumulia la tangi hujaa uchafu, paipu yenye ufa huvuta upepo bila kudondosha tone. Kipimo chake ni rahisi: pampu ya dizeli hulishwa kutoka kwenye dumu safi lililoinuliwa juu yake, upepo ukatolewa, mzigo ukanyanyuliwa tena. Injini ikihimili, kosa liko kati ya tangi na pampu. Isipohimili, ndipo nozeli, taimingi na kompresheni hupimwa, kwa mpangilio huo, maana kila hatua ni ghali kuliko iliyotangulia.

Chujio la oili ya haidroliki lililoziba hulaumiwa bila haki. Huifanya pampu ilie na uma upande polepole, lakini haliizimi injini, kwa sababu pampu isiyopata oili haina cha kusukuma.

Hubaki gia. Mashine inayonyanyua vizuri ikiwa huru, ikazima inaponyanyua huku gia imeingia, inabeba mizigo miwili kwa pamoja, na ukaguzi huanzia kwenye pedali ya kusogea polepole na klachi zisizoachia.