Meno ya Mtoto Yamepandana: Ufanye Nini Ukiwa Kambini?

[MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia meno yaliyokaa vibaya: yaliyopandana, yaliyochomoza mbele, au taya la chini linalotangulia la juu.

Nianze na ukweli ili usipoteze nauli yako. Kunyoosha meno kwa vyuma ni kazi ya daktari bingwa wa kupanga meno, na madaktari hao kwa kawaida wako katika hospitali za miji mikubwa. Huduma ya meno kambini mara nyingi ni ya maumivu, jipu na kung'oa. Kwa hiyo mtoto ambaye meno yake yamepandana kidogo, lakini anatafuna na kuongea vizuri, huenda asipate vyuma mkiwa hapa. Najua inaumiza kusikia hivyo, hasa kwa binti anayefunika mdomo kila anapocheka. Lakini yako mambo yanayovuruga mpangilio wa meno tangu utotoni, na mengi kati ya hayo unaweza kuyazuia bila kulipa kitu.

La kwanza ni meno ya utoto. Wazazi wengi husema, "Ya nini kuhangaika nayo? Si yatang'oka?" Ndiyo, yatang'oka, lakini kila jino la utoto linashika nafasi ya jino la ukubwani. Mtoto ana meno 20 ya utoto. Yale ya mbele huanza kutoka akiwa na miaka 6 hivi, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, 11, hata 12. Sasa tuseme gego la utoto limeoza na limeng'olewa mtoto akiwa na miaka 6. Gego kubwa la nyuma linasogea mbele taratibu na kuchukua nafasi iliyoachwa wazi. Jino la ukubwani linapokuja, linakuta kiti kimekaliwa. Linatokea pembeni, au linabaki ndani ya fizi.

Kwa hiyo mpigishe mtoto mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, na msimamie mpaka afike miaka 7 au 8. Akilalamika jino, mpeleke mapema, na umuulize mhudumu: linaweza kuzibwa badala ya kung'olewa? Ni haki yako kuuliza. Na uliangalie gego la miaka 6. Linaota nyuma kabisa, bila jino lolote kutoka, ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Hilo ni la kudumu. Likienda, halirudi.

[MUZIKI MFUPI]

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo wengi hulifanya kwa siri. Tanzania wanaita meno ya plastiki, au ya nailoni. Uganda wanasema ebino. Wasikilizaji wetu wa Kinyarwanda wanajua ibyinyo. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, halali. Mtu anampapasa fizi, anaona uvimbe mweupe, na kusema, "Haya ndiyo yanayomuua." Kisha anayachimbua kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli.

Msikilizaji, kinachotolewa pale si plastiki wala mdudu. Ni jino changa la chonge ambalo halijatoka bado. Ni laini na jeupe kwa sababu halijakomaa. Kila mtoto analo, mgonjwa na mzima. Aliyekatwa anaweza kutokwa na damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumika kwa wengine. Wapo waliokufa. Na aliyepona, miaka kumi baadaye chonge lake la kudumu linaweza kuota likiwa na kilema, likakaa upande, au lisiote kabisa.

Sitakulaumu kama ulishafanya hivyo. Ulikuwa unaogopa kumpoteza mwanao, na huenda bibi yako naye alifanyiwa. Lakini mtoto anayeharisha anahitaji maziwa ya mama, maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti, na vidonge vya zinki, na hivyo huombwa kituo cha afya. Ukisikia jirani anajiandaa kumpeleka mtoto kwa mchimbaji, mfuate. Mwambie mnaenda kliniki pamoja.

[MUZIKI MFUPI]

Kuna hofu nyingine ambayo mara nyingi haina sababu. Mtoto wa miaka 6 au 7 anafungua mdomo na unaona meno ya mbele chini yamekuwa safu mbili. Usikimbilie koleo. Mara nyingi jino la utoto huanguka lenyewe na ulimi huusukuma mzigo mbele: jino jipya linasogea mahali pake. Mwambie alitikise kwa vidole safi. Likipita miezi miwili au mitatu halijalegea, ndipo umpeleke.

Kunyonya kidole nako, mpaka miaka 3 au 4 usigombane naye. Akiendelea wakati meno ya kudumu yanatoka, meno ya juu yanasukumwa mbele. Kumpaka pilipili ni ukatili, na mtoto aliyepitia vita anaweza kuwa ananyonya kwa hofu. Mpe kitu kingine cha kushika wakati wa kulala, na msifu asubuhi.

Na mwanya je? Mwanya wa meno ya mbele si ugonjwa. Kwetu wengi ni uzuri, na mimi mwenyewe ninao.

Sasa vijana, sogeeni karibu na spika. Kwenye simu zinazunguka video za kufunga meno kwa mpira mdogo ili yakaribiane. Usijaribu. Mzizi wa jino umechongoka kuelekea ndani, kwa hiyo mpira unateleza, unaingia chini ya fizi usiuone, na unakata kinachoshikilia jino. Meno mawili mazima yanaweza kuanguka. Vyuma vya urembo vinavyouzwa mitaani ni hatari vilevile.

Vyuma vya kweli hufanya kazi polepole. Waya husukuma jino kidogo kidogo. Upande mmoja mfupa unapungua, upande wa pili unajijenga. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na daktari anakuona kila baada ya wiki 4 hadi 8. Vikitolewa, unavaa kifaa cha kushikilia meno, hasa usiku, kwa muda mrefu. Bila hicho meno yanarudi. Hata mtu mzima wa miaka 40 anaweza kutibiwa, mradi fizi na mfupa ni vizima. Umri si kizuizi.

Yapo mambo ambayo usiyavumilie kimya. Omba rufaa kama mtoto hawezi kutafuna au kufunga mdomo, kama meno ya chini yanachoma kaakaa, au kama amezaliwa na mdomo uliopasuka. Upasuaji wa mdomo huo upo, na ni bora ufanyike mapema. Na mtu yeyote aliyepigwa au kuanguka, kisha meno yakaacha kukutana kama zamani, aende kliniki siku hiyohiyo. Huenda taya limevunjika.

Mwisho, kwa aliyekimbia akiwa na vyuma mdomoni: usivikate kwa koleo nyumbani. Waya ukichoma shavu, bandika nta safi ya mshumaa juu yake, acha miwa na mahindi ya kuchoma, na umwone mhudumu wa meno. Kama hakuna atakayekufuatilia, ni salama zaidi vitolewe hospitali kuliko kukaa miaka vikiozesha meno. Na kama unangoja kuhamishiwa nchi nyingine, usianze matibabu ya miaka miwili kabla ya kumweleza daktari hivyo. Kama umeshaanza, mwombe karatasi ya kazi aliyofanya na picha za eksirei, uziweke pamoja na kadi yako ya mgao.

[MUZIKI WA KUFUNGA]