Vugha na Mazinde: Nyumba Moja, Siasa Mbili za Nje

Ndugu zetu wateremkao kutoka Lushoto kwenda Mombo huiona nyika pana ya Mkomazi chini yao. Yafaa wakumbuke kwamba huko nyikani, pale Mazinde, ndipo ulipovunjwa usalama wa milima ya Usambara. Wala aliyeuvunja hakuwa mgeni.

Kimweri ye Nyumbai, wa ukoo wa Wakilindi, alitawala kutoka Vugha, na sauti yake ilisikika hadi karibu na pwani. Mhubiri Krapf alimfikia mwaka 1848, akarudi 1852. Mgeni aliyetaka jambo Usambara alijua mlango wa kubisha, nao ulikuwa mmoja.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na kiti kikamwendea mjukuu wake, kijana Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa marehemu, alikuwa Mazinde, penye njia ya misafara. Misafara ilileta bunduki na baruti, ikataka pembe na watumwa. Vugha ilikuwa na heshima ya kale. Mazinde ilikuwa na silaha. Semboja akamfukuza Shekulwavu, akamweka mwanawe Kimweri Maguvu katika kiti cha Vugha, naye mwenyewe akabaki penye biashara yake. Wabondei wakaasi, wakawatoa Wakilindi katika nchi yao. Kila mkubwa akajitafutia rafiki wa nje, na rafiki huyo alilipwa kwa watu. Wasambaa wauita wakati ule Pato. Mtoto wa mkulima alitoka shambani kwa baba yake akaishia pwani sokoni, naye aliyemwuza ndiye aliyepaswa kumlinda.

Twajua wako watakaotukasirikia, wapendao lawama yote imwangukie Mjerumani. Mjerumani hatumsamehi hata kidogo. Ila twauliza: alipofika, ni nani angesema naye kwa niaba ya Usambara nzima? Mwenye kiti hakuwa na nguvu. Mwenye nguvu hakuwa na kiti. Na mkulima aliyekwisha kunyang'anywa wanawe, angeshika mkuki kumtetea nani?

Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Makao yao hawakuyaweka Vugha wala Mazinde. Waliyaweka Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, na ardhi ya mlimani wakawapa walowezi.