Munich hadi Verona kwa Gari-nyumba

Ramani ya simu hukuambia kwamba kutoka Munich, Ujerumani, hadi Verona, Italia, ni zaidi ya kilomita 400, na kwamba ni safari ya saa tano hivi. Hesabu hiyo ni ya gari dogo. Anayeendesha gari-nyumba, lenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, atenge siku nzima, tena aipange kama dereva wa lori anavyopanga yake.

Uzito ndio unaoamua karibu kila kitu. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya vani kama Fiat Ducato, na mengi yamesajiliwa yasizidi kilo 3,500, kwa kuwa kwa miaka mingi huo ndio umekuwa ukomo wa leseni ya daraja B. Kilo hizo huisha upesi. Lita 100 za maji ni kilo 100. Weka watu wanne, baiskeli, mitungi ya gesi na vyakula, na umeshapitiliza. Ndiyo maana nasisitiza gari lipite kwenye mizani kabla ya safari, likiwa limepakiwa na abiria wote wamo ndani. Gari lililosajiliwa juu ya kilo 3,500 lina sheria zake: huko Ujerumani mwendo wake kwenye barabara kuu hauzidi kilomita 100 kwa saa, na bango linalokataza malori kuyapita magari mengine linalihusu pia. Austria nayo hailiruhusu kutumia stika ya kulipia barabara kuu. Litafungiwa kifaa cha GO-Box kinachotoza kwa kilomita.

Baada ya mji wa Innsbruck, huko Austria, barabara ya A13 inapanda kuelekea kipito cha Brenner, mpakani mwa Italia, mita 1,370 hivi juu ya bahari. Sehemu hii ina tozo yake yenyewe, hata kwa mwenye stika. Njiani kuna daraja la Europabrücke, lililofunguliwa 1963, lenye kimo cha mita 190 hivi kutoka bondeni, na hapo upepo wa ubavuni hulisukuma gari lenye kuta ndefu na bapa. Punguza mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, na ujiandae kwa msukumo mwingine kila unapopishana na lori.

Kupanda, injini itahema tu. Hatari iko kwenye kushuka upande wa Italia. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na joto hilo hukua haraka kuliko mwendo wenyewe: kusimamisha gari kutoka kilomita 100 kwa saa kunazalisha joto zaidi ya mara moja na nusu ya lile la kilomita 80. Ukikanyaga breki mfululizo mteremko mzima, pedi zinapoteza mshiko. Na kama mafuta ya breki ni ya zamani, yamefyonza unyevu, yanachemka na pedali inazama mguuni. Shusha gia mapema, kabla mteremko haujakukolea, uiache injini ikushikilie. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachiliwe ipoe.

Kisha kuna mwili wa dereva. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya 2006 inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Msafiri wa likizo haimgusi, na hilo linanisikitisha, kwa sababu yeye ndiye mwenye mazoea machache zaidi. Ajiwekee sheria kali kuliko hiyo: kituo kila baada ya saa mbili. Kati ya saa 8 na saa 10 mchana usingizi huwa mzito hata kwa aliyelala vizuri usiku. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, hivyo inywe, kisha lala dakika 20. Abiria wa nyuma wasilaghaiwe na kitanda. Gari likitembea, wote wakae vitini na mikanda.

Aliyezoea kuendesha kushoto, kama Tanzania au Kenya, awe macho hasa anapotoka kituoni. Kwenye msongamano kumbukumbu haina kazi, unafuata wenzako. Barabara ikiwa tupu ndipo mkono unarudi kushoto wenyewe. Aliyekaa pembeni atamke kwa sauti, "Kulia!" Na foleni ikisimama Ujerumani au Austria, njia ya uokoaji hufunguliwa papo hapo, hata kama hujasikia king'ora: walio safu ya kushoto kabisa wabane kushoto, wengine wote wabane kulia.

Giza likikukuta kabla ya Verona, usilazimishe. Kifungu cha 185 cha sheria ya barabarani ya Italia hakihesabu gari-nyumba lililoegeshwa panaporuhusiwa kuwa limepiga kambi, mradi linasimama kwa magurudumu yake tu, halimwagi maji machafu, wala halichukui nafasi nje ya ukubwa wake. Unaweza kulala humo. Ukishatoa viti na kukunjua turubai la kivuli, hapo umepiga kambi.